Deni la Mhusika: Namna ya Kutumia Usuli wa Wahusika Kuendesha Mchezo wa Kuigiza wa Mezani

Mmoja wa wachezaji nilioanza nao hapa Kisumu alikuja kikao cha kwanza na kurasa nne alizoziandika kwa mkono kuhusu mhusika wake, mjane wa Kano aliyekuwa akiuza samaki wa kukaushwa kando ya ziwa. Kurasa zile zilieleza kuzaliwa kwake, njaa ya utotoni, ndoa mbili, mtoto aliyezama katika mto Nyando, hata wimbo aliopenda kuuimba akiparua samaki. Nilizisoma zote usiku ule, nikamsifu mwandishi wake kwa dhati, kisha nikazikunja na kuzitia katika daftari langu. Vikao sita vikapita bila mimi kutumia hata mstari mmoja. Mjane alitembea na wenzake, akapigana palipohitaji kupigana, akarusha dadu zamu yake ilipofika, lakini nafasi yake ingeweza kushikwa na mtu yeyote mwenye kisu. Kikao cha saba mchezaji huyo alituma ujumbe kwamba ana shughuli nyumbani, na cha nane vivyo hivyo.

Kwa muda niliamini kwamba kosa lilikuwa urefu. Niliwaagiza waliofuata waandike mistari mitano tu, nikapata mistari mitano isiyofaa mahali pa kurasa nne zisizofaa. Nilichelewa kuona kwamba kilichokosekana ni mdai. Katika kurasa zile nne kila aliyemdhuru mjane alikuwa amekufa, kila aliyempenda alikuwa amezikwa, na kila jambo lilikuwa limekwisha kabla mchezo haujaanza. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliye hai ambaye angeweza kupiga hodi mlangoni pake na kusema, "Nimekuja kuchukua changu." Usuli unaoweza kuendesha mchezo ni hesabu ya madeni, yale anayodaiwa mhusika na yale anayodai, na mwongozo huu unahusu namna ya kuyapata madeni hayo, kuyafungamanisha, na kuyaleta mezani wakati wake ukifika.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuketi kwenye meza ya aina hii, mpango wake si mgumu. Mwongozaji husimulia ulimwengu na kuigiza watu wote waliomo, kila mchezaji humbeba mhusika wake mmoja, na jambo lenye shaka huamuliwa kwa dadu. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson ilipochapishwa Marekani mwaka 1974, mhusika alikuwa hasa tarakimu chache, silaha na tamaa ya hazina, na kisa kilimngoja nje yake, pangoni. Miaka mitatu baadaye Traveller ikampa mhusika miaka ya kazi aliyoipitia kabla ya mchezo kuanza, miaka iliyoamuliwa kwa dadu, na iliwezekana kabisa afie kazini kabla hajaigizwa hata dakika moja, jambo ambalo bado hunichekesha. Toleo la tano la Dungeons & Dragons la mwaka 2014 liliweka kwenye karatasi ya mhusika nafasi za kuandika tabia zake, maadili yake, kifungo chake na dosari yake. Kati ya hayo manne mimi hukitazama kwanza kifungo, yaani mtu, mahali au kitu ambacho mhusika hawezi kukiacha, kwa sababu kiko nje ya nafsi yake, mahali ambapo mkono wa mwongozaji unaweza kufika.

Mifano yangu mingi inatoka katika kisa kimoja tulichokicheza karibu mwaka mzima, kilichowekwa Kisumu ya mwaka 1901. Nilichagua mwaka huo kwa sababu mji ulikuwa ukifikiwa na watu wa kila namna waliokuwa na sababu ya kuwa mbali na kwao. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani, na kituo chake kikaitwa Port Florence. Meli iliyoitwa William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande na kuunganishwa papa hapa, ilikuwa imeshushwa majini mwaka uliotangulia. Kwenye vilima vya mashariki Wanandi walikuwa wakiipinga reli na kuchukua nyaya za telegrafu na bolti zake, nyaya wakifanyia mapambo na bolti silaha. Mumias, kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, wafanyabiashara Waswahili wa kutoka pwani walikuwa wenyeji wa siku nyingi, na kaskazini mwa ziwa ugonjwa wa malale ulikuwa umeanza kumaliza vijiji. Mahali penye hayo yote hapahitaji joka.

Wahusika wetu walikuwa watano: fundi seremala kutoka Punjab aliyemaliza mkataba wake wa reli, mkalimani Mswahili aliyekuwa akijificha, kijana wa Kinandi aliyekuwa na gunia la bolti, mvuvi wa Dunga, na mjane yule yule wa Kano, maana mwenye kurasa nne alikubali kurudi kwa sharti kwamba safari hii nizitumie.

Kuhoji badala ya kuagiza insha

Siku hizi siagizi insha. Kikao cha kwanza hakina mapigano wala dadu. Tunaketi na chai, na kila mchezaji anahojiwa kwa dakika kumi au kumi na tano mbele ya wenzake, kwa sababu wanaosikiliza ndio watakaoyatumia majibu baadaye. Maswali yangu ni manne. La kwanza, ni nani aliye hai anayemtafuta mhusika, na anataka apewe nini. La pili, ni nani ambaye mhusika akisikia yuko taabani ataacha kila kitu aende. La tatu, ni kitu gani alicho nacho ambacho si chake. La nne, ni jambo gani ambalo wenzake wakilijua watamtazama kwa jicho jingine. Mchezaji aliyekwama halazimishwi. Wenzake huruhusiwa kupendekeza jibu, naye ana haki ya kulikataa.

Jibu la kwanza karibu kila mara halitoshi, na kazi ya mwongozaji ni kulifuata mpaka liguse mtu. Aliyemwigiza fundi seremala alisema kwamba mhusika wake ana deni. Nikamwuliza ni la nani. La tajiri mmoja wa Mombasa. Kiasi gani? Rupia 60. Za nini? Za kumsafirisha mdogo wake aliyeugua akarudishwa kwao kwa meli. Tajiri alimwaminije mtu asiye na mali? Hapo akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba seremala mwenzake alimdhamini. Na huyo mdhamini yuko wapi leo? "Yuko kambini, hapa hapa Port Florence, na hajui kwamba sijalipa hata rupia moja." Meza nzima iliguna. Tajiri wa Mombasa yuko mbali na hana uso. Mdhamini hula naye sahani moja kila jioni. Maswali matano yalitutoa kwenye neno tupu hadi kwa mtu ambaye ningeweza kumwigiza usiku ule ule.

Basi usiache kuuliza mpaka deni lipate jina la mtu, mahali anapolala, na siku ambayo subira yake itakwisha. Mchezaji akisema "serikali inanitafuta," amesema machache mno, kwa kuwa serikali haipigi hodi. Anayepiga hodi ni karani fulani, mwenye bosi wake, homa zake na sababu yake ya kutaka kazi hii iishe kabla ya mvua.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la mayatima, kwa kuwa kila meza ina wawili au watatu. Mchezaji anayeandika kwamba wazazi wamekufa, kijiji kimeteketea na rafiki wa pekee amepotea si mvivu wala si mpenda huzuni. Mara nyingi aliwahi kuchezeshwa na mwongozaji ambaye kila mzazi aliyetajwa kwake aligeuka mbuzi wa kuchinjwa: mama anatajwa Jumamosi hii, anatekwa nyara Jumamosi ijayo, anakutwa amekufa ya tatu yake. Mimi nimeyafanya hayo. Mchezaji akishaumwa hivyo hujifunza kuja mezani bila mama. Dawa ni ahadi ya wazi, itolewe kabla ya kuhoji, kwamba jamaa wa mhusika wataletwa kwenye mchezo kuomba, kulaumu, kukopa, kushauri na kuchelewesha, lakini hawatauawa ili tu mhusika apate hasira. Ahadi hiyo ikitimizwa katika vikao vitatu vya mwanzo, utaona wajomba na mashangazi wakifufuka wenyewe.

Isitoshe, jamaa aliye hai ana kazi nyingi kuliko marehemu. Mama anayemtaka mwanawe arudi kuezeka nyumba kabla ya mvua ndefu, huku wenzake wakimngoja gatini, ameleta uamuzi mgumu bila tone la damu. Na kama ni lazima pawe na kifo, basi afe mtu ambaye kifo chake kitawakusanya walio hai. Huku kwetu Nyanza na Magharibi hakuna jukwaa lenye nguvu kuliko matanga. Watu ambao hawajasemezana kwa miaka kumi hulazimika kukaa chini ya kivuli kimoja, kila mmoja akihesabu nani amekuja na nani ametuma udhuru. Katika familia nyingi za Waluhya, siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, madeni ya marehemu husomwa hadharani: anayedai hujitokeza na kusema kiasi, na aliyekuwa akidaiwa na marehemu naye hutakiwa aseme ukweli mbele ya watu. Mwongozaji akiwa na wahusika watano, kila mmoja na hesabu yake na marehemu, kikao cha namna hiyo kitajaza saa nne bila dadu kuguswa, nami nasema hivyo kwa kuwa kilitujazia.

Kufungamanisha

Baada ya mahojiano mimi hukata karatasi ngumu kuwa vikadi, na kila mtu aliyetajwa na wachezaji hupata kikadi chake: jina, anataka nini, kwa nani. Wachezaji watano wakitaja watu watatu kila mmoja, una watu kumi na watano mezani, na hakuna mwongozaji awezaye kuwaigiza wote wakatofautiana. Punguza. Tandaza vikadi vyote, kisha tafuta viwili vinavyoweza kuwa mtu mmoja. Mdhamini wa seremala alikuwa seremala tu, asiye na shughuli nyingine. Mjane naye alikuwa ametaja mteja anayemkopa samaki bila kulipa. Niliwauliza wote wawili kama wangekubali kwamba ni mtu yule yule, wakakubali, na tangu hapo mdhamini alikuwa mdai kwa mmoja na mdaiwa kwa mwingine. Seremala alitamani mtu huyo asahau, mjane alitamani akumbuke. Sikuwa nimetunga kitu chochote. Nilikuwa nimeunganisha tu.

Kuomba ruhusa si adabu peke yake. Mchezaji anapoulizwa "yawezekana huyu wako na huyu wa mwenzako wakawa mtu mmoja?" huanza papo hapo kufikiri namna ilivyotokea, na mara nyingi huongeza jambo ambalo mwongozaji asingelifikiria. Mchezo wa Fate umeliingiza wazo la karibu na hili katika kanuni zake za kuunda wahusika: kila mchezaji hueleza kisa chake kimoja cha zamani, kisha wenzake wawili hueleza namna walivyojikuta ndani ya kisa hicho. Kanuni hiyo yafaa hata kama mchezo mnaotumia ni mwingine.

Kipimo changu ni kwamba kila kikadi kiguse angalau wachezaji wawili, na wawili hao wasitake jambo moja kwake. Wakitaka jambo moja watasaidiana kwa upole na kikao kitaisha mapema. Mmoja akimtaka mtu huyo akamatwe na mwingine akimtaka atoroke, hata wale watatu wasiohusika watalazimika kuchagua upande, maana mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Hata hivyo usiunganishe kila kitu. Mara ya kwanza nilivyoijua mbinu hii niliwapunguza watu kumi na watano wakabaki wanne, na mji wote wa Kisumu ukawa kama nyumba moja ambamo kila anayekohoa ni shemeji ya mtu. Vikadi kumi na vitano vikibaki saba au vinane, na viwili kati ya hivyo vikabaki bila kuunganishwa, dunia itaendelea kuonekana pana.

Kutoka kikadi hadi kisa

Huu ndio utaratibu ninaoufuata wiki ya kabla ya kikao, na huchukua kama nusu saa. Navitandaza vikadi, na kwa kila kimoja najiuliza mtu huyu atafanya nini wiki hii ikiwa hakuna atakayemzuia. Naandika sentensi moja kwa penseli. Kisha natafuta sentensi ambayo, ikitokea kweli, itawasumbua wahusika wengi zaidi, na hiyo ndiyo inayokuwa kisa cha kikao. Nyingine hutokea nyuma ya pazia na kusikika kama umbea wa sokoni. Baada ya hapo nachagua mlango ambao jambo litaingilia: mtu anafika, kitu kinaonekana mahali kisipopaswa kuwa, au habari inakuja ikiwa imechelewa siku mbili. Mlango wa tatu ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu mhusika anayesikia kwamba jambo limekwisha kuanza bila yeye hasubiri kusukumwa.

Mfano wa mkalimani utaonyesha kazi nzima. Katika mahojiano alisema kwamba aliwahi kutafsiri neno moja kwa makusudi vibaya katika kesi Mombasa, na kwa neno hilo mtu asiye na hatia akapoteza jahazi lake. Alikimbilia Kisumu kwa sababu Kisumu wakati huo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na alijiona amevuka mpaka. Sasa, historia ilikuwa imeniwekea zawadi. Mwaka 1902 eneo lililokuwa mkoa wa mashariki wa Uganda, pamoja na Kisumu, lilihamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki iliyotawala Mombasa. Mkalimani hakuhama, mpaka ndio uliomfuata. Nilipousoma mstari huo wa historia nilijua kikao changu cha kumi na mbili kitahusu nini.

Lakini mpaka, kama serikali, hauna uso. Nilirudi kwenye kikadi cha mwenye jahazi. Alikuwa mzee, hangeweza kusafiri, kwa hiyo akaja binti yake kwa treni. Mwongozaji mwenye haraka angemtia binti huyo bastola mkononi. Mimi nilimfanya atake kitu kigumu zaidi: alitaka mkalimani arudi naye Mombasa akatafsiri upya neno lile mbele ya hakimu. Kulipa deni hilo kulimaanisha kujitoa hadharani, wiki zile zile ambazo maafisa wa upande wa pwani walikuwa wakipokea madaftari ya Kisumu. Kisha nikawatafutia wengine nafasi. Binti alipanga chumba kwa mjane, ambaye alihitaji kodi yake. Mizigo yake ilibebwa na mdhamini wa seremala, na ndani ya sanduku moja mlikuwa na barua ya tajiri wa Mombasa. Mvuvi wa Dunga ndiye aliyeombwa na mkalimani amvushe usiku, na kijana wa Kinandi ndiye pekee aliyejua njia ya nchi kavu. Kikao kilikuwa na swali moja tu la kujibu, kama mkalimani atapanda treni au mtumbwi, nasi tulilijibu kwa vikao vitatu.

Tazama kwamba sikupanga mwisho. Mwongozaji akishajua mdai anataka nini na atachukua hatua gani akinyimwa, hana haja ya kuandika matokeo. Akiyaandika, atajikuta akiwasukuma wachezaji kuelekea huko, nao watahisi mkono mgongoni.

Zamu za kila mmoja

Hatari ya mbinu hii ni kumpendelea mchezaji mwenye usuli mtamu. Nilimpendelea mkalimani kwa miezi miwili kabla ya mvuvi kuniuliza, kwa upole ulioniaibisha, kama mtumbwi wake una kazi nyingine zaidi ya kuwavusha watu. Tangu hapo nina jedwali nyuma ya daftari: majina ya wachezaji upande mmoja, tarehe za vikao juu, na alama pale ambapo deni la mtu lilifika mezani. Mchezaji hapiti vikao vitatu bila alama.

Anayependa bahati ishiriki anaweza kutumia dadu. Mchezo wa Champions, uliotoka Marekani mwaka 1981, ulimpa mchezaji pointi za ziada akikubali kuwa na adui anayemwinda, na mwongozaji alirusha dadu tatu kuamua kama adui anajitokeza. Dadu za ludo za kawaida, zile zinazouzwa madukani pamoja na vibao, zinatosha kabisa. Rusha tatu kwa kila deni kabla ya kikao, ukiwa peke yako. Kupata jumla ya 6 au chini kuna matokeo 20 kati ya 216, yaani takriban mara moja kati ya kumi na moja. 9 au chini kuna 81, zaidi kidogo ya mara moja kati ya tatu. 12 au chini kuna 160, karibu mara tatu kati ya nne. Deni jipya mimi hulianzia kwenye 6, yaani mdai hujitokeza jumla ikiwa 6 au chini. Mhusika akilipuuza, akidanganya au akimficha mdai, linapanda hadi 9, kisha 12. Wachezaji wasipoambiwa tarakimu bado wataihisi, kama mtu anavyohisi kwamba mwenye nyumba anapita uani mara nyingi kuliko zamani.

Siri

Kila mchezaji hupenda kuwa na siri, na siri nyingi hufia kwenye daftari la mwongozaji bila kutumika. Mtoto aliyekulia pande za Kano anaijua sababu hata kama hajawahi kurusha dadu. Luanda Magere, shujaa wa hadithi za Wajaluo, alikuwa na mwili wa jiwe ambao mkuki haukuupenya, na nguvu zake zilikaa kivulini mwake. Siri hiyo peke yake si kisa. Shujaa angeweza kuzeeka nayo. Kisa kinaanza pale anapomwoa binti wa maadui, pale anapougua, na pale anapomwambia mke huyo achanje kivuli ili dawa iingie. Kikulacho ki nguoni mwako, na siri ya mhusika huanza kuuma pale anapokuwapo mtu wa tatu aliye karibu, anayeijua au atakayelazimika kuijua, na mwenye sababu yake njema ya kuisema. Kwa hiyo mchezaji akikupa siri, mwombe pia jina la mtu huyo. Asipokuwa naye, siri hiyo ni pambo, nayo yaweza kubaki pambo bila ubaya.

Nimeacha pia kuwaficha wachezaji siri za wenzao. Mezani kwetu wachezaji wote wanajua, wahusika ndio wasiojua. Meza yote ilijua kwamba seremala hajalipa, na kila mdhamini alipomwaga uji kwenye bakuli la seremala na kumwita ndugu, walicheka kwa uchungu. Siri iliyofichwa kwa wote hutoa mshangao mara moja. Siri inayojulikana hutoa raha kila kikao.

Hapa pana mipaka ya kuheshimiwa. Katika mahojiano uliza waziwazi ni jambo gani la usuli lisiguswe, na usidai sababu. Mwenye mjane aliniambia kwamba mtoto aliyezama alikuwa kwenye zile kurasa kwa ajili yake mwenyewe, si kwa ajili yangu, na sikumtaja hata mara moja. Na kwa kuwa tulikuwa tukicheza na Wajaluo, Wanandi, Wawanga na Wapunjabi ambao vitukuu wao tunapanda nao matatu moja, tulikubaliana kwamba hakuna mhusika atakayefanywa mfano wa kabila lake wala kichekesho chake.

Mchezaji asiyetaka kuandika wala kuhojiwa asisumbuliwe. Mwache aanze na jina na kazi, kisha mwisho wa kila kikao mwulize ni nani aliyemwona leo akifanya alichokifanya. Baada ya vikao vitatu atakuwa na madeni kuliko wenzake.

Kulipa

Deni lisilolipika huchosha. Baada ya vikao vitano au sita tangu lilipofika mezani, mpe mhusika nafasi ya kulimaliza, na akilimaliza liache limalizike. Usimrudishe mdai yule yule akiwa na dai jipya la kubuni. Dawa ya deni ni kulipa, na mchezaji aliyelipa anastahili kulala usingizi. Kinachopaswa kuendelea ni gharama ya malipo, kwa sababu hakuna anayelipa bila kuchukua mahali fulani, na mahali hapo ndipo deni linalofuata linapozaliwa.

Mjane wa Kano alirudi kwetu akiwa amebadilishwa jambo moja tu. Kati ya watu wote waliokufa katika zile kurasa nne, mwenye kurasa alimfufua mke mwenza, akiwa hai upande wa pili wa mto, na akaongeza kwamba mjane aliuza wavu wa marehemu mume wao bila kumwambia. Wavu huo ulitutembeza kuanzia Dunga hadi Mumias. Tuliufuata kwa aliyeununua, tukakuta ameukata vipande na kuviuza kwa wavuvi watatu, na katika kikao cha matanga nilichokitaja juu mke mwenza alisimama mbele ya watu, akataja wavu, akaketi. Mjane alilipa siku ile kwa fedha taslimu, na hakuna aliyemwuliza amezitoa wapi.

Kikadi cha deni lililolipwa mimi hukipiga mstari na kumpa mchezaji akiweke. Kabla ya kumpa, nakigeuza na kuandika nyuma yake malipo yalitoka wapi. Nyuma ya kikadi cha wavu pameandikwa: seremala, rupia 22, hajajua bado.